Sare ya Rangi ya Mwamba

Khoudia Mbengue alikuwa na hofu zake nyingi kama mama yeyote, lakini mwaka ule hofu moja ilizimeza nyingine zote: kwamba picha za harusi ya binti yake zitashindwa na za Madjiguène.

Madjiguène alikuwa binti wa jirani yao hapo Tubab Dialaw, kijiji cha wavuvi. Alipoolewa alipigwa picha kwenye miamba ya pwani, ile myekundu inayoshuka hadi mchangani, yenye mistari ya manjano kama bizari na kwingine zambarau kama kitunguu. Watu wa kijiji walikuwa wameishi na miamba hiyo tangu kuzaliwa, wakianikia samaki juu yake, na hakuna aliyejua kuwa ni mizuri mpaka ilipoonekana kwenye simu. Picha zilifika Rufisque, zikafika Italia kwa vijana waliohama. Mama yake Madjiguène akawa hawezi kununua kitunguu bila kuuliza, "Mmeziona?" Kila mtu alikuwa ameziona. Akauliza tena.

"Maguette wangu akiolewa," Khoudia alimwambia wifi yake Ndickou, "miamba yenyewe itaomba radhi."

"Kwani miamba imekosa nini?" Ndickou akauliza.

Basi Maguette akaposwa na Birane wa Rufisque, mtoto wa Hajati Astou. Hajati alikuwa mwanamke wa heshima zake; hata chafya aliipiga kwa hatua. Khoudia, ambaye ujana wake wote aliuza samaki sokoni kwa sauti ya kuamsha waliolala mtaa wa pili, alipowaona wakwe hao aliikunja sauti yake akaificha. Tangu siku ya posa alisema nao kwa kunong'ona. Hajati alidhani ana kifua.

Ukaja wakati wa sare. Wengine huchagua sare kwa kipande cha nguo walichokiona kwa rafiki. Khoudia alitia kipande cha mwamba kwenye mkoba akaenda nacho kwa mtia rangi.

"Nataka hii."

"Mama, hili ni jiwe."

"Macho ninayo. Nataka nguo ya bazini ya rangi hii hii, ya ukoo mzima, na ya bibi harusi iwe hivyo hivyo."

Mtia rangi akachovya, akaanika, akachovya tena. Ile nguo ilipokuwa tayari, Khoudia aliitandaza, akaweka kipande chake juu yake, akageuka kujibu salamu. Alipotazama tena, jiwe hakuliona. Ilibidi alipapase kwa kiganja. Akapiga makofi kwa furaha. Mwenye binti asome hapa mara mbili: alipiga makofi.

Siku ya harusi ikafika, Ijumaa. Wanaume walikwenda msikitini kufunga ndoa bila bibi harusi, kama ilivyo desturi, na wanawake wakateremka pwani na bibi harusi. Mpiga picha alikuwa Daour, kijana kutoka Dakar mwenye kizibao cha mifuko mingi na lenzi ndefu kama mchi.

"Nimefanana na samaki wa kukaanga," Ndickou alisema akijitazama ndani ya sare. "Tena upande ambao haujaiva."

Ndickou ndiye aliyekuwa shangazi wa bibi harusi, kwa hiyo ndiye aliyebeba kibuyu cha maziwa mgando. Kwao, ukiteremka baharini na jambo kubwa, kwanza unamwagia maji maziwa. Wazee walisema ni zawadi kwa mwenye bahari. Lakini maziwa hayo, ukiyamwaga, huwezi kuondoka palepale, unasimama ukiyatazama. Yakivutwa kwenda mbali, maji yanakupwa. Yakirudi miguuni pako, maji yanajaa, na wewe beba watoto wako upande juu. Hakuna aliyewahi kufundishwa hivyo kwa maneno. Walimwaga, wakatazama, wakajua.

Ndickou akainamisha kibuyu.

"Subiri, mama!" Daour akapiga kelele. "Usimwage! Mchanga utaingia madoa. Inamisha tu, kama unamwaga. Hapo! Tabasamu kwa bahari. Safi. Funika."

"Nifunike? Sijamwaga."

"Kwenye picha umemwaga, mama."

"Wifi, mwanga hausubiri," Khoudia akanong'ona, maana Hajati alikuwa karibu. "Tutamwaga baadaye." Ndickou akafunika kibuyu.

Daour akampeleka Maguette kwenye miamba ya mbele, ile iliyotangulia baharini, kwa njia ya mchanga mkavu. Yeye akarudi nyuma na lenzi yake.

"Kidogo nyuma, dada! Tena! Pandisha shingo. Tazama mbali, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hapo hapo! Usikae, utakunja nguo. Nakuja kwako sasa hivi."

Hakwenda. Hajati Astou alitaka picha na dada zake. Dada zake wakataka picha bila Hajati. Khoudia akataka moja akiwa amemshika Hajati mkono, kisha nyingine ambayo Hajati ndiye anayemshika yeye. Na katika zote hizo watu walisimama namna ile ile: nyuso kwa Daour, migongo kwa bahari. Watoto wa wavuvi hao! Bibi zao wangewachapa. Maguette naye alikuwa mtoto mtiifu. Aliambiwa asimame, akasimama.

Maji yanayojaa hayapigi hodi. Mtu wa kwanza kujua alikuwa Hajati, maana viatu vyake vilikuwa vya ngozi.

"Yuu! Nani amemwaga maji hapa?"

Wakageuka. Ile njia ya mchanga haikuwepo. Miamba ya mbele ilikuwa imezungukwa, mawimbi yakipasuka juu yake, na miamba ni mingi, yote myekundu, yote yenye mistari.

"Maguette yuko wapi?" Khoudia akauliza.

"Yuko pale," akasema Daour.

"Pale wapi?"

Daour akabonyeza kamera, akampa aone. "Huyu hapa, mama. Tena ametoka vizuri."

"Huyo ni wa zamani! Mimi nataka wa sasa!"

Kila mtu akanyoosha kidole, na kila kidole kilielekea kwingine. "Yule pale!" "Hilo ni jiwe." "Jiwe gani lina mabega?" "Mbona halitikisiki?" Sauti ya msichana ilisikika mara moja, upepo ukaipeleka kushoto, kisha ukairudisha kulia.

Massamba mvuvi alikwisha sukuma mtumbwi wake na kuwasha mashine. "Nionyesheni mwamba mmoja!" akafoka. "Nitaingia mara moja tu katikati ya mawimbi haya. Siwezi kwenda kupapasa jiwe moja moja, mtumbwi utapasuka! Wapi?"

Vidole vikanyooshwa tena, kila kimoja kwenye jiwe lake. Wakati huo huo wanaume wakatokea kilimani wakitoka msikitini: Birane, wajomba wa Rufisque, na imamu mwenyewe akiwa na mbegu za kola, zile zinazogawiwa kwenye ndoa, ndani ya mfuko.

Khoudia alijua kitu kimoja ambacho wengine hawakukijua. Ndani ya bazini ile binti yake alikuwa amevaa shimizi nyeupe pe. Aliishona yeye mwenyewe. Akamtazama Hajati. Akamtazama imamu.

"Wifi, unafikiri nini?" Ndickou akamshika bega.

"Nafikiri watasemaje."

"Basi fikiri haraka, maji yanakuja."

Hapo Khoudia aliikunjua sauti yake. Ile ya sokoni, yote, na riba ya kufungiwa muda mrefu.

"MAGUETTEEE! VUA NGUO! VUA, MWANANGU! VUA YOTE UBAKI NA SHIMIZI!"

Bwana harusi akadondosha kofia. Imamu akaanza kuvichunguza viatu vyake. Hajati Astou akafunika macho kwa vidole vilivyoachana. Na kule baharini, mwamba mmoja ulitikisika, ukajipasua katikati, na ndani yake kikatoka kitu cheupe kikipunga mikono.

"Nimemwona!" Massamba akaingia.

Alimrudisha akiwa amelowa, goti limechubuka, meno yanagongana. Bazini ilichukuliwa na maji. Hajati alivua mtandio wake akamfunga mkwewe kuanzia kichwani, kisha akamgeukia Khoudia, ambaye alikuwa amekaa mchangani akingoja kuhukumiwa.

"Sauti hiyo," Hajati akasema, "ulikuwa umeificha wapi? Mimi nilikuwa nakupikia dawa ya kifua."

Ndickou akafunua kibuyu, akamwaga maziwa yote. Yakazunguka kidogo, yakarudi kumlamba miguu. "Yanajaa," akatangaza. "Tunashukuru kwa taarifa."

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Kumbe Daour hakuwa ameacha kubonyeza. Picha ya bibi harusi mwenye shimizi nyeupe, amenyoosha mikono juu ya mwamba mwekundu, wimbi limesimama nyuma yake kama pazia, iliwafunika akina Madjiguène wote. Ilifika Italia kabla Maguette hajakauka. Watu waliandika chini yake, "Mashaallah, ubunifu gani huu!" Na wiki zilizofuata mabibi harusi wakaanza kuja, kutoka Thiès, kutoka Dakar, na bazini za rangi ya mwamba na shimizi nyeupe ndani. Walimtaka Daour, na walitaka mwamba ule ule. Maji yakiwa juu, tafadhali, ndipo panapopendeza.

Mtia rangi alimpelekea Khoudia salamu za shukrani.

Khoudia hakuzipokea. Kila Ijumaa alasiri alivaa sare yake, maana nguo nzima haitupwi, akashuka pwani na kibuyu cha maziwa, akasimama kati ya watu wa watu.

"Geukeni! Tazameni maji!"

"Mama, sogea kushoto kidogo," Daour alimwambia Ijumaa moja, jicho likiwa ndani ya kamera. "Hapo hapo. Rangi yako inaendana na jiwe."

"Daour, maji yanajaa."

"Usiongee, mama, mdomo unatoka wazi."

Bibi harusi wa siku hiyo, mgeni kabisa, alikuwa amesimama na shingo juu, anatazama mbali kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Khoudia alimtazama. Hakuwa mwanawe. Shingo ilikuwa ile ile.

Akamsogelea, akafunua kibuyu, akammwagia maziwa mgando miguuni, yote, juu ya viatu vyenye vito.

Ukoo mzima ukapiga yowe. Wote wakainama kutazama viatu, na wakayaona maji yakiwa yamekwisha fika kwenye vifundo vyao.