Kuta za Makaa za Kiwanda cha Limonade

Kabla ya kuwa kiwanda cha limonade, yaani soda, jengo lile la njia ya Shituru, pale Likasi, lilikuwa nyumba ya barafu. Samaki wa ziwa la Tshangalele waliletwa humo asubuhi, wakafukiwa katika barafu, wakasubiri treni. Ndiyo maana kuta zake zilijengwa mbili mbili, na katikati ya matofali yalishindiliwa makaa ili baridi isitoroke. Biashara ya samaki ilipokufa, Bwana Philippe alilinunua, akaingiza mashine ya kujaza chupa. Mvua ikinyesha, harufu ya samaki bado ilitoka ukutani.

Firmin na Germain ndio walioisimamia mashine hiyo. Firmin alifungulia gesi, Germain alipiga vifuniko. Walivaa barakoa za waya, maana gesi ikizidi kidogo chupa hupasuka na kurusha vipande usoni. Firmin alikuwa mwana wa Katanga. Wazazi wa Germain walitoka jimbo la Kasai. Jambo hilo halikuwa na uzito wowote mpaka Katanga ilipojitenga kuwa nchi yake, watu wa Kasai wakaanza kuwindwa majumbani.

Mchana mmoja wa Septemba 1961, askari watatu wa Katanga waliingia uani. Germain alikuwa amekwisha kujificha katika chumba cha zamani cha barafu, nyuma ya mashine. Mmoja wao akaja ndani.

“Weye Firmin, Mukasai wako iko wapi?”

“Hayuko, chef, mkubwa wangu.”

“Na huku nyuma kuko nini?”

“Kuko chupa. Pita, lakini uchunge macho. Leo gesi iko na kasirani.”

Askari akacheka. “Miye niogope limonade? Mama yangu atanicheka!”

Akapiga hatua. Firmin akashusha barakoa usoni, akasema moyoni, “Bwana, uturehemu,” kisha akafungua gesi zaidi kuliko alivyowahi kuifungua. Chupa moja ikalipuka, ya pili, halafu safu nzima.

Firmin hakuwafikiria wale wawili waliobaki uani. Waliposikia milipuko, walidhani mwenzao anapigwa risasi. Wakaelekeza bunduki kwenye ukuta wa chumba cha barafu uliowaelekea, wakafyatua.

“Acheni! Miye niko humu!” mwenzao akapiga kelele, amelala kifudifudi katika maji ya sukari. “Ni limonade!”

Bunduki zikanyamaza. Alipotoka amelowa, wenzake walimcheka mpaka getini, naye kwa aibu hakutaka tena kurudi ndani.

Firmin alibaki mbele ya mlango wa chumba. Risasi zile ni yeye aliyeziita.

“Germain?” Akagonga mlango, akamwita kwa jina la mtoto wake. “Baba Claire?”

“Niko, yaya. Niko, kaka yangu.”

Makaa yalikuwa yamezimeza risasi zote. Germain akatoka, uso mweusi kwa vumbi la makaa, akamkuta rafiki yake analia, damu ikimtiririka shavuni, kipande cha chupa kimepenya waya wa barakoa.

“Weye ndiye umeumia, halafu unanililia miye?”

“Watarudi,” Firmin akasema. “Nenda kambini kwa wakimbizi, Elisabethville. Huko wanalindwa.”

“Nyumba yangu iko hapa. Kazi yangu iko hapa.”

“Najua, ndugu yangu.”

Alasiri lori la kreti likaondoka. Germain, mkewe Philomène na mtoto wao Claire walikaa chini ya turubai, katikati ya chupa tupu. Firmin aliwafanyia ishara ya msalaba, akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Bwana Philippe akamjia. “Kesho nani atapiga vifuniko?”

“Ya kesho sijui, patron,” akajibu. “Leo niache nisali.”