Goti Lililobeba la Mwenzake

Muuguzi wa utafiti alikuwa na mikono ya baridi, na kila Jumanne asubuhi aliipasha kwenye kikombe cha chai kabla ya kumgusa mgonjwa. Alizungusha utepe wa kupimia kwenye goti la mdogo mtu, akasoma, akatabasamu. Akazungusha kwenye goti la dada mtu, akasoma, akazungusha tena.

"Lako limevimba kuliko wiki jana."

"Jana huyu aliruka kamba," dada alijibu, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu.

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akakunja utepe.

Ndugu hawa walicheza mpira wa wavu katika timu ya kiwanda cha magodoro, na wote wawili waliumia goti la kushoto katika msimu mmoja. Dada ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuruka. Alivaa jezi ya mshambuliaji mkuu tangu enzi ambazo mdogo alikuwa akiwabebea chupa za maji. Sasa kocha alikuwa amesema waziwazi kwamba atakayepona kwanza ndiye atakayeivaa.

Kliniki ilikuwa inajaribu dawa mpya ya magoti ya wanamichezo. Watafiti waliwapanga watu wawili wawili, wanaolingana umri, uzito na jeraha. Mmoja alichomwa dawa, mwenzake maji ya chumvi, bila yeyote kuambiwa amepata kipi. Mabomba ya sindano yalizungushiwa plasta ili rangi isionekane. Ndugu hawa walipishana mwaka mmoja tu na walikula sufuria moja, hivyo wakapangwa pamoja. Mama yao alishukuru. Alisema heri watoto wa tumbo moja wawe pamoja kuliko kuchanganywa na watu wasiojulikana.

Dawa ilifanya kazi siku ileile. Maumivu yalitoka kwenye goti la mdogo yakahamia kwenye goti la dada, ambalo tayari lilikuwa na ya kwake. Tangu hapo dada alijua mdogo wake yuko wapi bila kuuliza. Mdogo akipanda ngazi, dada aliacha kukoroga uji akashika meza. Akipiga magoti kusali, dada alihisi ugumu wa sakafu. Nyumbani walizoea. Mama alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni, "We mtoto, tembea taratibu, mwenzio kabeba maji ya moto!"

Mdogo hakuwa na roho mbaya. Kila jioni alileta barafu akamkanda dada yake.

"Pole, dada. Leo kocha katuzidishia."

"Nimesikia. Ile ya mwisho ulitua kwa mguu mmoja. Utue kwa yote miwili."

"Sawa. Ila na wewe huachi ukocha hata ukiwa umelala."

Dada alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye misuli ya mwenzake, jinsi ilivyokaza. Maumivu angeyavumilia. Kilichomkereketa rohoni ni ile jezi iliyoanikwa kambani uani, imefuliwa kwa sababu imechezewa. Kila alfajiri alisali: Mungu, niondolee wivu au niondolee maumivu haya, anza na lolote. Mungu hakuanza.

Utafiti ulipoisha, daktari mkuu aliwakusanya wote ukumbini. Waliopona walikaa mbele. Wenzao waliegemea ukuta wa nyuma na magongo yao, kwa kuwa kukaa na kuinuka kuliwatesa.

"Tofauti kati ya makundi mawili ni kubwa kuliko tulivyotarajia," daktari alisema.

Dada akanyoosha mkono. "Daktari, si ni kubwa kwa sababu sisi tumebeba na ya wenzetu?"

"Hilo tumelisikia, dada yangu," daktari alijibu kwa upole. "Lakini sisi tuliuliza kama dawa inamponya anayechomwa. Inamponya."

Watu wa mbele walipiga makofi. Mdogo wake alipiga kidogo, akaacha.

Daktari akaongeza kwamba hata waliopata maji ya chumvi watapewa dawa, maana ndiyo haki. Kila mmoja atatafutiwa mtu wa kulingana naye. Waliojitolea walikuwa tele.

Dada aliomba nafasi ya kusali kwanza. Kwenye benchi la nje alimkuta mmoja wa waliojitolea, mwanamke wa rika lake, mcheza mpira wa kikapu, goti la kushoto limefungwa bandeji.

"Karibu, shoga," mwanamke alisema, akisogea pembeni kumpa nafasi. "Eti dawa yenyewe nzuri?"

"Nzuri. Imemponya mdogo wangu."

"Mungu ni mwema."

Kupitia dirishani dada alimwona mdogo wake akishuka ngazi kwa kurukaruka, na goti lake likaitikia kila ngazi. Hakusali. Alirudi ndani akasema yuko tayari.

Siku hizi anaruka juu kama zamani. Jezi bado anayo mdogo wake, kwa hiyo dada anafanya mazoezi kuliko wote. Mara nyingine hukutana na yule mwanamke dukani, akiegemea gongo.

"Jana uliruka sana," mwanamke humwambia.

"Kidogo. Pole."

"Mlishinda?"

"Tulishinda."

"Basi afadhali."

Dada humbebea mfuko hadi mlangoni. Jioni humwomba Mungu amponye yule mama wa watu, kwa moyo wake wote, kisha hufunga kamba za viatu haraka, kwa sababu mdogo wake ameshatangulia uwanjani.