Kumi na Mmoja Nyuma ya Paskazia

Jumatatu saa tatu asubuhi Mwamvua, mpiga picha, alimkalisha Paskazia kwenye kiti cha plastiki, akamwambia aache masikio wazi, akampiga picha ya kadi ya ushirika. Kamera yake ni ndogo, inaenea mfukoni, na lenzi yake haivuti: ukitaka sura ya mtu iwe kubwa, unamfuata kwa miguu. Picha ilipotoka kwenye printa, nyuma ya Paskazia, mbele ya kitambaa cha buluu, alikuwa amesimama mumewe Bujiku, vumbi mpaka kwenye kope, tochi ya kichwani inawaka. Wenzake kumi walikuwa nyuma yake.

Paskazia aliitazama. "Amekonda," alisema, akaomba nakala ya pili.

Duara, yaani shimo walilokuwa wakichimbia dhahabu, lilikuwa limetitia Jumamosi. Katibu wa duara, Stanslaus, alishatangaza kwamba hakuna mtu chini, na daftari analo. Kharumwa nzima inajua daftari la duara linavyoandikwa: jina linaingia mtu anapotoka na kiroba chake cha mawe, maana mgawo ni wa aliyetoka nacho. Anayeshuka haandikwi. Siku ile walitoka watatu, wakaandikwa watatu. Kwa hiyo walioshuka ni watatu. Hesabu hiyo si ngeni. Mwaka ule wa mvua kubwa ilifuta watu saba, na daftari lile lipo mpaka leo, safi, halina kosa hata moja.

Wanawake hao wawili walipeleka picha ofisi ya madini. Ofisa aliitikia shikamoo zao, akawapa viti, akasifu karatasi. Hakubisha kwamba wale ni watu na kwamba wako hai; tarehe ilikuwa pembeni ya picha. Ila sura ni ndogo mno, alisema, zisogezwe. Mwamvua akamweleza habari ya lenzi. Ofisa akasema basi asogee yeye. Kati yake na wale watu kulikuwa na futi mia na ishirini za udongo.

Jumanne alimpiga tena Paskazia. Safari hii Bujiku alikuwa amejisogeza mwenyewe, sura imejaa karatasi nzima, midomo imepasuka. Mkewe alionekana sikio moja tu. Wengine walikuwa wamekaa. Ofisa aliikubali picha, akatafuta fomu. Fomu ya marehemu haikufaa, kwa kuwa huyu alikuwa hai. Fomu ya aliye hai hujazwa na mhusika, afike mwenyewe aweke dole gumba.

Jumatano wote walikuwa wamelala, tochi mbili tu zinawaka. Paskazia alikwenda na picha mpaka kwa Stanslaus, aliyekuwa akinywa chai pembeni ya mtambo wa kijiko uliokodiwa kusawazisha eneo.

"Shemeji, chimbeni hapa. Kesho watakuwa wamekwisha."

Stanslaus alivaa miwani, akahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja, kweli.

"Mama Doto, mimi sijakataa kwamba wapo. Nimekataa kwamba walishuka." Akamsogezea kikombe. "Karibu chai, mayu."

Alhamisi kijiko kilifukia shimo. Watu walisimama wakitazama, kama wanavyotazama barabara ikichongwa.

Tangu hapo wale kumi na mmoja wamo katika kila picha ya Mwamvua: harusi, kipaimara, ng'ombe wa mahari. Wamelala kimya, tochi zimezimika. Wateja wameshazoea. Wengine husogeza viti kidogo wasiwakanyage.

Wiki iliyopita Stanslaus alikuja amevaa tai. Alitaka pasipoti saizi nne, za kuombea kibali cha duara jipya. Zilitoka akitabasamu, na wale wamelala nyuma ya mabega yake.

"Hao watoe," alisema. "Kibali hakitaki watu wengine."

Maneno aliyokuwa nayo Mwamvua yalikuwa mengi, na yote alishayasema ofisini. Akachukua mkasi, akamkata kwa kufuata mabega na masikio, mara nne, vizuri, kama anavyomkatia kila mtu. Mabaki akayasukuma pembeni ya meza. Paskazia, aliyekuwa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi, aliinuka, akakinga kanga, akayapokea yote.