Mlango wa Mama

Kazi yangu ni kuchora nyumba za watu na kufufua zilizochakaa. Mteja mmoja alitaka mlango wa kale, seremala wangu akauleta kwa mkokoteni, akijisifu kwamba kampiku dalali. Nilipoinama kukagua ubao wa chini, nikaona kiraka. Nilikipachika mwenyewe nikiwa mwanafunzi, kazi yangu ya kwanza kabisa, kwenye mlango wa mama.

Nikampigia kaka yangu simu.

“Mlango wa mama uko wapi?”

“Nimeuuza, nikamwekea wa chuma. Si wewe, mdogo wangu, kutwa kucha unatuhubiria kwamba milango ya kale ni mali?”

Miaka yote nilidhani nampigia mbuzi gitaa. Kumbe kaka alikuwa akisikia kila neno.