Kura Chini ya Mabehewa

Treni ilipofunga njia jioni ile ya uchaguzi, Verlin Stupka alikuwa jikoni akimenya viazi, wala hakushtuka. Watu wa Upande wa Chini walishazoea. Kwanza ule mlio wa breki, kisha vishindo vya vyuma, behewa likimgonga mwenzake, mpaka mkia wa treni unajinyoosha kando ya ghala la mahindi. Halafu kimya. Mtaa mzima uliishi kwa kufuata kimya hicho. Dukani utakwenda baada ya treni, mtoto atapelekwa kwa daktari baada ya treni. Kwa kawaida saa kumi na mbili njia inakuwa wazi, na Verlin naye alikuwa amepanga kupiga kura baada ya treni.

Renata Hovis alikuwa amemwonya. Huyu Renata ndiye aliyewakusanya wazazi wa mtaa ule wakawa chama, mama wa watoto watatu, msusi, mdomo wake haujui mapumziko ya Jumapili. Mwaka mzima wazazi hao walipiga hodi nyumba kwa nyumba wakitafuta sahihi, mpaka daraja likaingia kwenye karatasi ya kura: ndiyo au hapana, mji ujitoze kodi kidogo ili watoto wavuke juu ya reli badala ya kutambaa chini ya mabehewa kwenda shule. Juu ya hilo Renata mwenyewe akagombea udiwani. Juzi alisimama mlangoni kwa Verlin akamsihi akapige kura alfajiri kabla ya kazi, maana kituo kiko shuleni, ng'ambo ya reli, na treni haina rafiki.

"Nitakwenda jioni," Verlin alimjibu. "Na hizo kura zenu, hata nikipiga kumi hawa wakubwa—"

"Kumi huna. Unayo moja. Ilete."

Verlin alijikuta anacheka, na hakupenda.

Imani kwa wakubwa ilimwishia miaka miwili nyuma. Mkewe Loretta alifia kwenye sakafu ya jikoni hii hii, pumu imembana, na gari la wagonjwa limesimama ng'ambo ya treni. Taa zake nyekundu Verlin aliziona kwa macho yake, zikimulika katikati ya mabehewa, zikizunguka bure. Baada ya mazishi alikwenda kwa meya, kofia mkononi. Meya akampa pole, akasema treni si mali ya mji. Akaenda kwa watu wa reli, wakampa pole, wakasema barabara si yao. Verlin shule aliiacha mapema akaingia kiwanda cha mbao, lakini hesabu hiyo haikumshinda: mkewe ameuawa na hakuna aliyemuua. Wakubwa wana namna yao ya kuizunguka maiti, kila mmoja akaonekana mpita njia.

Tangu siku hiyo nyumba yake ilikuwa na sheria moja. Binti yake Tess, wa miaka kumi, hapiti chini ya treni. Njia ikifungwa asubuhi, anasubiri, hata akikosa kipindi cha kwanza na cha pili. Wenzake wanaorusha mikoba na kutambaa walimwita Malkia. Malkia anasubiri gari lake, walisema. Alilia mara kadhaa, lakini sheria aliishika.

Leo shule ilifungwa kwa ajili ya uchaguzi, na Tess alikwenda na Renata tangu asubuhi, njia ikiwa wazi, kushika bango la daraja. Kabla ya kutoka alimuuliza baba yake kama atakuja kweli. Nitakuja, alisema. Tess akamwambia aape. Verlin akaapa, mkono wenye kisu cha siagi juu.

Saa kumi na mbili ikapita na treni haikutikisika. Verlin alizima jiko, akavaa koti, akaenda kivukoni. Nusu ya mtaa walikuwa wamesimama gizani nyuma ya kizuizi, wengine na nguo za kazi, akina mama na watoto mgongoni na mikononi. Kengele ya kivuko ilikuwa inalia kana kwamba kuna mtu hajaiona treni.

"Karibu kwenye foleni," alisema mzee Orrin Fitch, jirani yake, chupa ya kahawa kwapani. "Sanduku la kura liko pale, nyuma ya behewa la makaa."

Verlin aliuliza kama kuna aliyejaribu kuzunguka.

"Vivuko vyote vitatu imevilalia. Na kule makaburini, barabara chini ya reli imejaa maji tangu mvua ya Jumapili. Labda uwe bata."

Vijana wachache walikuwa wameshatambaa wakaenda. Waliobaki waliangaliana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Wote hawa walikuwa kura za ndiyo. Kule mlimani, kwenye nyumba zenye bustani, watu wa hapana walikuwa wameshakula, wameshapiga kura, viatu vyao vikavu. Verlin aliwaza kwamba wakubwa hawakuhitaji hata kula njama. Kusahau kulitosha. Waliisahau tu treni mahali ilipo, basi, mtaa mzima ukawa kwenye mtego.

Kituo kinafungwa saa moja na nusu. Ilipokaribia, aliona kitu chini ya mabehewa, upande wa pili: buti za manjano.

"Baba? Upo hapo?"

"Nipo. Rudi shuleni."

"Renata anasema watu wetu hawajaja. Wanakaribia kufunga." Buti zikasogea, kisha uso wa Tess ukatokea chini ya behewa, umepinda, nywele zinagusa kokoto. "Nakuja kukuchukua."

"Usithubutu, Tess."

"Basi njoo wewe. Uliapa."

Tess alishaweka goti moja chini. Verlin alijua akikataa, mtoto atakuja, maana ukaidi huo ni wa Loretta. Akainama chini ya kizuizi. Nyuma yake alisikia mzee Orrin akiweka chupa yake chini, na wengine wakisogea; akipita mmoja, watapita wote.

Kokoto zilikuwa na maji na mafuta. Alitambaa kwa viwiko, tumbo la behewa likimgusa mgongo, maji machafu yakimdondokea shingoni. Katikati ya reli mbili akasikia, mbali kabisa kwenye kichwa cha treni, chuma kikigonga chuma. Kishindo kile kikaanza kuja, behewa kwa behewa, kikija kwake. Hakuwaza Loretta wala kura. Alijitupa mbele. Gurudumu lilijongea kiasi cha kiganja nyuma ya kisigino chake, likasimama.

Treni haikuondoka. Ilijinyoosha tu.

Alipogeuka, kupitia chini ya behewa aliona miguu ya majirani zake ikirudi nyuma ya kizuizi, mmoja mmoja. Hakuna aliyemfuata.

Walikimbia, yeye na Tess, wakaukuta mlango bado wazi. Alipiga kura yake, na alama ya kidole chake chenye mafuta ya reli ikabaki nyeusi kwenye karatasi. Mlango ukafungwa. Saa mbili hivi treni ikaondoka polepole, kama mtu aliyekwishamaliza haja yake.

Daraja likashindwa, kwa tofauti ya kura chache kuliko watu waliosimama pale kivukoni. Renata naye aliukosa udiwani. Sauti ilikuwa imemkauka alipompigia Verlin simu alfajiri kumwambia kwamba wazazi wataanza upya, mwakani tena watalileta.

"Na mwakani," Verlin alimuuliza, "treni itakuwa wapi?"

Renata akasema ana watoto wa kuwaandaa kwenda shule.

Asubuhi hiyo hiyo njia ilikuwa imefungwa. Watoto walikuwa wanarusha mikoba upande wa pili. Tess alisimama mbele ya behewa na buti zake za manjano, akamtazama baba yake. Verlin akafungua mdomo aseme sheria.

"Jana ulipita," Tess alisema. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa anauliza.

Verlin alitazama huku na huku, kama vile meya angetokea, au mtu wa reli, mtu wa kumtukana. Palikuwa na treni, na yeye. Akapiga magoti kwenye kokoto, akachukua mkoba wa mtoto, akaweka mkono wake juu ya gurudumu la baridi, kana kwamba angeweza kulizuia.

"Haraka," alisema. "Na ukisikia kishindo usigeuke."

Akamwona akiinama na kuingia gizani, na yeye akabaki pale, sikio kwenye chuma, akisikiliza.