Kitundu Kwenye Bomba la Samaki

Tajudin alikuwa bingwa wa kazi za nusunusu, na hilo mkewe Hajara alilisema miaka thelathini bila kuchoka. Rafu aliyoigongomea jikoni ilipinda. Mlango wa bafu alioutengeneza ulikataa kufunga. Na lile tanki la samaki sebuleni kwao Kasubi, lenye mabomba aliyoyaunga kwa masalio ya duka lake la vifaa vya maji, Hajara hakulihesabu hata kidogo kuwa kazi.

Samaki wenyewe walikuwa kichekesho. Wenzake walifuga samaki wa rangi wa madukani, yeye akafuga nkejje, visamaki vya ziwani ambavyo Kampala nzima huvijua vikiwa vikavu. "Hujawaona wakiwa hai," alimwambia mkewe, na ni kweli, wakiwa hai madume yao hung'aa buluu na wekundu. Hospitalini, siku mbili kabla hajafa, hakuusia nyumba wala duka. Alisema, "Hajara, wale samaki usiwaache." Naye akaahidi.

Sasa alikuwa kwenye eda, mwezi wa tatu, hatoki. Alikuja kuwajua samaki mmoja mmoja, yupi mchokozi, yupi mwoga. Wiki ile jike mmoja alikuwa amebeba watoto mdomoni, hali kitu, kama ilivyo desturi yao. Hajara alimwonea fahari utadhani mke wa mwanawe.

Kero ilikuwa bomba. Maji yalifurika kwenye kona ya tanki, yakashuka hadi beseni lililofichwa kabatini, na pampu ikayapandisha tena kwa bomba la pili, ambalo mdomo wake ulifika chini kabisa, kwenye changarawe. Juu ya bomba hilo la pili palikuwa na kitundu cha kupita msumari. Kilirusha maji ukutani, rangi ikabanduka, na mswala wake ukalowa kila siku. Kuita fundi mwanamume aingie ndani hakutaka. Akatafuta gundi kwenye boksi la marehemu, akazima pampu, akalikausha bomba, akakiziba kitundu. Alipowasha tena, ukuta ulibaki mkavu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia vizuri.

"Umeona?" alimwambia marehemu. "Dakika tano tu."

Siku ya tatu umeme ulikatika baada ya adhuhuri. Hajara alikuwa chumbani anasoma Kurani, wala hakushtuka, maana umeme kukatika si habari. Alipotoka kwa ajili ya alasiri alikanyaga maji. Beseni lilikuwa limefurika, zulia limelowa chepechepe, na tanki la juu limebaki na maji ya kulowesha changarawe tu. Samaki walilala ubavu. Yule jike alikuwa amewatema watoto wake, wametapakaa kando yake, wadogo kama punje za mtama. Hajara alimimina ndoo nzima ya maji. Hakuna aliyeinuka.

Jioni alifika binti yao, Raisa, kutoka Kalerwe anakouza vitenge. Alilikagua bomba, akaigusa gundi.

"Mama, hapa nani ameziba?"

"Ni mimi. Ilikuwa inavuja."

"Haikuvuja. Baba alitoboa makusudi, na msumari ya moto. Umeme ikienda, bomba inaanza kunyonya maji kurudisha kwa beseni; hewa ikiingia hapo, inaacha. Bila hiyo tanki yote inashuka."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia, Mama. Mimi nilikuwepo. Ulimwambia aende aelezee samaki wake, si wewe."

Hajara alikumbuka. Alikumbuka hata kicheko chake mwenyewe, na jinsi Tajudin alivyotabasamu, akageuka, akaendelea na kazi.

Aliketi kwenye zulia bichi akalia kwa sauti. Jirani yake Sitti alikuja mbio, akamwambia nkejje wako tele sokoni, asijiumize. Samaki aliwalilia, ndiyo, lakini zaidi alimlilia mwanamume aliyeifanya kazi yake ikakamilika, akataka dakika moja ya kuieleza, akanyimwa. Sasa angemsikiliza mchana kutwa.