Nafuu Iliishia Wapi

...na glasi hii nimeshaipangusa mara nne, sasa ya tano, ingekuwa na mdomo ingeniambia bibi niache nipumue, lakini nifanye nini na mikono yangu wakati Fundi Saa ameuliza swali lake na baa nzima imenyamaza, watu hawa ambao hawanyamazi hata mtu akidondoka na kiti chake, leo wamenyamaza na wananitazama mimi, Fundi na wenzake wanne wa meza ya mlangoni, "Bibi, tuambie wewe, huko mnakonunua, bia imeshuka au haijashuka?", ndivyo alivyouliza, swali la ndiyo au hapana, mtoto wa chekechea angelijibu huku anamung'unya peremende, na jibu ninalo, liko hapa kwenye ncha ya ulimi linaniwasha, ila binti yangu, mwenye baa, yuko nyuma ya kaunta na macho yake yamenikaa kisogoni, sihitaji kugeuka, macho yale nayajua, nilimzaa nayo... asubuhi alikuwa anafagia, akaegemea ufagio wake akasema, "Mama, nakuheshimu, unajua nakuheshimu, lakini neno moja tu la bei ya kununulia likitoka kinywani mwako, begi lako nitalifunga kwa mkono wangu, ukakae kwa kaka," kwa kaka yake! kwa mwanangu wa kiume, ambako mke wake anafungia sukari kabatini na funguo anaziweka kifuani, na kuongea nami anaongea kwa kupiga kelele kana kwamba mimi kiziwi, MAMA UMEKULA, MAMA UMELALA, nyumba haina jirani, upande huu ukuta na upande ule ukuta, nitamsema nani kule, nitamsemea nani, umbea wangu nitaupeleka wapi, utanivimbia tumboni nife nao, wakati hapa mtu akikohoa tu barabarani najua alilala wapi... basi nyamaza, mwanamke wewe, nyamaza, pangusa glasi.

Lakini hata nikitaka kusema, niseme nini, maana mwenyewe nimepotea, kila nikiishika hii habari upande mmoja inaniponyoka upande wa pili, imeshuka, ndiyo, haijashuka, ndiyo vilevile, yote mawili kweli na yote mawili nimeyaona kwa macho yangu... redio ndiyo iliyoanza, wiki tatu zilizopita, palepale juu ya friji, yule msomaji mwenye sauti ya mtu aliyeshiba akasema serikali imepunguza ushuru wa bia, shilingi thelathini kwa kila chupa, ili mtumiaji apate nafuu, na mimi nikajiuliza huyo mtumiaji ni nani, mwenye bahati hivyo, Fundi Saa akaruka juu ya kiti na lenzi yake ya kazini bado imemning'inia shingoni, akapiga kifua, "Ni mimi! Mtumiaji ni mimi, nimetumia miaka ishirini bila kupumzika!", na kwa furaha akaagiza chupa mbili badala ya moja, akazilipia kwa bei ileile ya zamani, mia mbili mia mbili, akawa ametumia zaidi siku ile ya nafuu kuliko siku yoyote ya dhiki, tulicheka mpaka binti yangu akashika mbavu... na kesho yake ubao wa bei ulisema mia mbili, na kesho kutwa mia mbili, na wiki ikaisha, na Fundi akaanza kuja na kipande cha gazeti, anakifungua, anakisoma kwa sauti, anakikunja, ananywa, analipa mia mbili, anakifungua tena, gazeti lenyewe limeshachanika penye mkunjo, sasa neno nafuu limebaki na tundu katikati.

"Bibi, umesinzia?" huyo ni yeye tena, na mwenzake wa duka la matairi anasema, "Mwache, anapiga hesabu," na mwingine, "Hesabu gani, mama mwenye baa amemtia kufuli," wanacheka, na binti yangu, "Muacheni mama yangu, kunyweni," sauti yake kavu kama karatasi, na anafuta kaunta, pale pale anapofuta tangu swali liulizwe, tutakuja kupata shimo hapo... kufuli, mimi, mimi nitiwe kufuli, mimi niliyetangaza mimba ya binti wa mwenye nyumba kabla mwenyewe hajaijua... lakini hesabu nimepiga kweli, shule niliishia darasa la nne ila kutoa naweza, gari la bia lilipokuja mimi ndiye niliyesimama mlangoni kuhesabu kreti, na dereva wake ananipenda, nampa maji ya baridi naye ananipa habari, akasema, "Mama mkubwa, imeshuka, lakini si yote, kiwandani wamebakiza kumi, wanasema chupa tupu zimepanda na shayiri imepanda, halafu wakala naye akabakiza nane, dizeli hiyo, na mimi sijaongezwa hata shilingi," basi thelathini toa kumi, toa nane, zinabaki kumi na mbili, hizo ndizo zilizoteremka kwenye gari pamoja na kreti, nikazipokea mimi kwa mkono wangu, zikaingia humu ndani, nikaziona kwenye risiti, halafu... halafu hazikutoka, hazikufika pale kwenye meza ya mlangoni, hatua saba tu, nimezipima kwa macho, kumi na mbili zimetembea kutoka serikalini mpaka kiwandani mpaka kwa wakala mpaka kwetu, safari yote hiyo, zimeshindwa hatua saba.

Waziri amepunguza, haki yake tumpe, kiwanda kimepunguza kidogo, wakala kidogo, kila mmoja ukimuuliza anakuonyesha alichoachia, hakuna aliyekula, wote wana mikono mitupu, na Fundi Saa bado analipa mia mbili, sasa nani ana nafuu yetu, iko wapi, au nafuu ni kama kile kipande kidogo cha sabuni, kila anayekishika anakirudisha kikiwa chembamba mpaka wa mwisho anaoga harufu tu... sielewi, kichwa kinaniuma, na wewe ulimi, pilipili wewe, tulia... "Sisi hatutaki ugomvi," anasema Fundi, na safari hii hacheki, ameweka chupa chini, "tunamheshimu binti yako, bibi, tumemzoea. Ila kama ananunua kwa nafuu anatuuzia kwa ukali, tujue. Tujue kama tumwite mwizi au tusimwite. Tukijua ni mwizi, tunanunua dukani tunanyweia nyumbani, kwaheri," na wale wanne wanaitikia kwa vichwa, taratibu, kama wazee wa baraza, na kitambaa cha binti yangu kimesimama.

Mwizi. Binti yangu. Aliyemrudishia mlevi pochi yake na noti zote zimepangwa, aliyenitoa kwa kaka yake na mabegi mawili akaniambia mama utalala hapa, godoro jipya, la kwanza jipya maishani mwangu... mwizi ni mtu wa aina gani, mwizi hasiti, na yeye alisita, nakumbuka, siku ile gari lilipoondoka alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, amekwisha kufuta mia mbili, akasema, "Mama, nishushe kumi? Zile mbili nitazirudisha kwa sarafu gani, sarafu ndogo zimekwisha mjini, lakini kumi naweza, niandike mia na tisini?", aliniuliza mimi, nilikuwa nimekaa kwenye kreti tupu navua viatu, na nikamwambia, "Ngoja kwanza, nikachungulie kwa Bi Kucha," maana Bi Kucha ana baa yake ng'ambo ya barabara, mwanamke wa kupaka kucha rangi tofauti kila kidole, akishusha yeye nasi tushushe, asiposhusha kwa nini tujipunje, akili hiyo niliiona kubwa, nikavaa viatu tena, nikavuka kwa kisingizio cha kuazima sindano, na nikarudi nikamwambia binti yangu, "Bi Kucha hashushi ng'o, kaandika mia mbili, nimeona kwa macho yangu," na kweli niliona, aliandika mia mbili nikiwa pale pale, nimesimama mlangoni, aliandika...

Aliandika nikiwa pale. Mbona aliandika nikiwa pale, mtu huandika kitu ambacho tayari kimeandikwa? Ngoja, ngoja, ubao wake ulikuwaje nilipoingia, ulikuwa mtupu, jamani, ulikuwa umefutwa, bado una umajimaji wa kitambaa, na chaki anayo, vidole vyake vya rangi tano vimejaa unga mweupe, akageuka akasema, "Karibu mama, ninyi huko mmefanyaje? Mimi nilitaka nishushe," alisema, nilitaka nishushe, nililisikia neno hilo kwa masikio haya na nimelikalia wiki mbili kama kuku, na mimi nikajibu nini, ningeweza kusema binti yangu amefuta naye, ananisubiri mimi, ningeweza, lakini hiyo ni habari gani, haina ladha, mtu anavuka barabara kwenda kusema hatujui?, nikataka nionekane natoka kwenye nyumba yenye msimamo, nikashika kiuno, nikasema, "Sisi? Binti yangu kashusha nini! Hashushi hata senti, huyo ni jiwe," nimetoa wapi maneno hayo, hakuyasema, hajapata kuyasema, nilimtungia pale pale kwa raha ya kusimulia, na Bi Kucha akanitazama, akatazama ubao, akasema, "Eh. Basi na mimi nishushe peke yangu, nimekuwa mjinga?", na chaki ikapiga kwi, kwi, mia mbili, na mimi nikachukua sindano yangu ambayo sikuwa na haja nayo nikavuka kuja kumwambia mwanangu habari ya mia mbili niliyoiandikisha mwenyewe, naye akashusha pumzi, akaandika mia mbili, na mwandiko wake ulikuwa mbaya siku ile, niliuona mbaya, nikamtania.

Sasa sijui tena. Waziri yuko wapi hapa, na wakala, na shayiri, nilikuwa nawatafuta wote hao, nawapekua mifukoni, na kumbe mbao mbili zilikuwa zimeshafutwa kwa ajili ya zile kumi, zote mbili siku moja, saa moja, barabara moja katikati, hakuna aliyekataa, hakuna aliyekuwa mchoyo, kulikuwa na bibi kizee tu na viatu vyake... au labda wangeandika mia mbili hata bila mimi, labda, watu wa biashara ni watu wa biashara, labda Bi Kucha alikuwa ananipima tu, labda kesho yake wangepandisha tena, nani ajuaye, natafuta tundu la kupitia na kila ninalolipata kichwa kinapita na mwili unakwama, maana nikisema haijashuka nimewadanganya watu watano wanaoniita bibi, na nikisema imeshuka nimemwita mwanangu mwizi mbele yao naye si mwizi, na ili asiwe mwizi lazima niseme yote, habari ya ubao na ubao na mdomo uliokuwa katikati, na nikisema hiyo, begi ni la haki, nitalifunga mwenyewe asihangaike... "Bibi?" anaita Fundi, polepole sasa, kama mtu anayemwita mgonjwa, na yule wa matairi anasema, "Ameshikwa na kitu huyu, hajapata kunyamaza namna hii," na kweli sijapata, miaka sabini na kitu, dakika mbili mfululizo sijapata, na nimegeuka, nimemtazama binti yangu, hakasiriki, uso wake umelegea, ananitazama vile ambavyo hajanitazama tangu nihamie kwake, macho yanamlengalenga, anadhani nimenyamaza kwa ajili yake, anadhani mama yake hatimaye amejua kumfichia siri, na ananitikisia kichwa, kidogo tu, asante mama, na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo mtaa huu iko kifuani mwangu, mpya, moto, hakuna mwingine aliye nayo, na natazama nyuso zao moja moja nikiomba Mungu awepo hata mmoja anayeijua, ili aniponye, aanze yeye kuisimulia...